Wapima Muhogo wa Bonde la Ruzizi

Pale Kimanga, Uvira, bugali wa muhogo na sombe si chakula cha sikukuu, ni cha kila siku. Muhogo wenyewe hulimwa sana Bonde la Ruzizi, kando ya barabara iendayo kaskazini kupitia Kiliba, Sange na Luvungi. Walaji wengi hatuijui kazi ya kupima aina ya muhogo kabla haijamfikia mkulima, nami naiheshimu mno.

Huanza kwa kamba na vigingi. Udongo hubadilika ndani ya hatua chache, mchanga hapa, mfinyanzi pale. Aina ikiangukia penye rutuba itasifiwa bure. Kwa hiyo agronoma huligawa shamba mafungu matatu au manne, na katika kila fungu aina zote hupangwa kwa kura. Muhogo uliozoeleka na wakulima hupandwa nao, uwe shahidi wa kulinganishia. Mistari ya pembeni haipimwi, maana mmea wa ukingoni hupata jua na nafasi kuliko wenzake.

Kisha ni kazi ya macho. Asubuhi na mapema, inzi weupe wakiwa bado wazito, mwanafunzi wa agronomia hushika kikonyo, akageuza jani polepole, akahesabu wadudu waliojificha chini yake. Hufanya hivyo kwa majani matano ya juu. Akitikisa tawi, wameruka na hesabu imepotea.

Wadudu hao hueneza magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Batobato huonekana upesi: majani machanga hujikunja na kutoka mabaka ya manjano. Mmea usio na dalili hupewa alama 1, ulioharibika kabisa 5. Michirizi ni shida zaidi, kwani shina laweza kustawi huku mizizi ikiharibika chini. Ndiyo maana muhogo ukifikisha miezi 12 hung'olewa, kila mzizi ukakatwa vipande, na kila kipande kikakaguliwa doa kavu la kahawia. Hapo hakuna kukisia.

Kazi hii ina wazee wake. Mtafiti H. H. Storey aliueleza ugonjwa wa michirizi mwaka 1936 akiwa Amani, Tanzania, ambako muhogo ulichanganywa na jamaa zake wa porini ili upate kinga. Kongo nako, taasisi ya utafiti wa kilimo INEAC iliundwa mwaka 1933. Leo kazi yake inaendelezwa na INERA, yenye kituo Mulungu, Kivu Kusini. Kutoka mbegu ya kwanza hadi aina ya kumkabidhi mkulima, miaka 8 au zaidi hupita.

Basi ndugu mkulima, kijiti kilichokatwa kwenye mmea mgonjwa huhamia shambani kwako na ugonjwa wake. Ukiletewa vijiti vipya, uliza vilipimwa wapi, kwa misimu mingapi, na mizizi yake ilikutwaje ilipokatwa. Na mwanao akitaka kusomea agronomia, mlipie minervali kwa moyo mweupe.