Hukandwa Novemba, Huliwa Krismasi: Hesabu Iliyofichika Ndani ya Piernik

Katika nyumba nyingi za Poland, kazi ya keki ya Krismasi huanza katikati ya Novemba. Mpishi hupasha asali, sukari na siagi, huchanganya na unga, mayai na viungo, kisha hufunika donge kwa kitambaa na kuliweka mahali pa baridi. Donge hilo halitaguswa kwa wiki nne hadi sita. Likitoka huko huokwa kwa dakika zisizozidi 20, na hata likishaiva bado haliliwi. Keki hukatwa, hupakwa jemu, hukandamizwa kwa ubao na kungojwa siku tatu au nne zaidi. Hiyo ndiyo piernik, keki ya asali, tangawizi, karafuu na mdalasini ambayo huwekwa mezani usiku wa Desemba 24, kwenye mlo wa Wigilia.

Kwa mpishi aliyezoea keki ya kawaida, mpangilio huu unaenda kinyume na kila alichofundishwa. Keki ya soda au hamira ya unga hutakiwa iingie ovenini mara tu ikishachanganywa, na mayai mabichi hayaachwi ndani ya bakuli mwezi mzima. Inakuwaje basi donge hili lisichache wala kuoza, na bado liumuke likikutana na moto? Majibu yote yamo katika vipimo. Piernik ni keki iliyonyimwa maji ikapewa muda, na karibu kila hatua yake inaelezeka kwa sababu hizo mbili.

Mji wenye sifa kubwa kuliko yote kwa keki hii ni Toruń, kando ya mto Wisła, alikozaliwa mwanafalaki Nicolaus Copernicus mwaka 1473. Hati ya mwaka 1380 inamtaja mwokaji wa Toruń aliyeitwa Niclos Czan. Mji ulikuwa mwanachama wa Hansa, umoja wa miji ya biashara ya kaskazini mwa Ulaya, kwa hiyo viungo kutoka mbali viliufikia kwa mto na bahari, huku unga na asali vikipatikana jirani. Waokaji walikandamiza donge ndani ya kalibu za mbao zilizochongwa wafalme, mioyo na magari ya farasi. Kiwanda cha Kopernik cha mji huo huhesabu historia yake tangu 1763, enzi ya mwokaji Johann Weese, na jengo la zamani la kiwanda cha ukoo wa Weese sasa ni makumbusho ya piernik. Wenyeji husimulia kwamba zamani donge lilikandwa binti alipozaliwa, likahifadhiwa hadi siku ya harusi yake. Iwe kweli au hadithi, simulizi hilo linaonyesha jinsi watu wa Toruń walivyoamini nguvu ya donge lililokaa.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina sehemu katika historia ya viungo hivi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, sehemu kubwa ya karafuu iliyouzwa katika soko la dunia ilitoka Unguja na Pemba.

Sasa vipimo. Mapishi ya nyumbani yanayojulikana zaidi Poland yanataka asali gramu 500, sukari takribani gramu 400, siagi au mafuta ya nguruwe gramu 250, unga wa ngano kilo moja, mayai matatu, maziwa mililita 125, magadi soda vijiko vitatu vya chai, chumvi nusu kijiko, na gramu 40 hadi 60 za viungo vilivyosagwa: mdalasini, karafuu, tangawizi, iliki, kungumanga, giligilani na pilipili manga.

Yahesabiwe maji. Asali ina maji kiasi cha asilimia 17, yaani gramu 85. Maziwa yanaleta gramu 110 hivi, mayai gramu 110, siagi gramu 40. Jumla ni takribani gramu 345 kwa kilo moja ya unga. Donge la mkate wa kawaida hupewa gramu 600 au zaidi kwa unga uleule. Na hata hayo maji machache hayako huru. Sukari ya mezani ikijumlishwa na sukari iliyomo ndani ya asali inakaribia gramu 800, zaidi ya mara mbili ya maji yote. Sukari hushika maji kwa nguvu, na bakteria au kuvu wakitua juu ya donge hawapati ya kunywa. Baridi ya Novemba inawapunguzia kasi zaidi. Ndiyo maana mayai na maziwa hayaozi.

Hata hivyo, kutokuoza si sawa na kuwa salama kwa kuonja. Salmonela inayoweza kutoka kwenye yai haizaliani katika mazingira hayo, lakini inaweza kubaki hai. Donge bichi halilambwi, hasa na watoto.

Ukame huohuo ndio unaofanya muda uwe wa lazima. Siku ya kwanza donge huwa laini na linanata, kwa sababu asali na siagi bado vina joto na chembe za unga hazijapata maji yao. Maji yanasafiri polepole mno kutoka kwenye asali nzito kwenda kwenye wanga na protini za unga. Baada ya wiki chache yamekwisha kusambaa sawasawa, siagi imeganda, na donge limekuwa gumu linalokubali kusukumwa bila kurarukararuka. Gluteni, utando wa protini unaoupa mkate uzi wake, haijengeki vizuri penye sukari na mafuta mengi kiasi hiki, na hilo ni jambo jema: piernik inatakiwa imeguke, isivutike. Viungo navyo havikai bure. Eujenoli ya karafuu na mafuta ya mdalasini huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, hivyo siagi huyabeba na kuyaeneza. Ukali wa kila kiungo peke yake hupungua, ikabaki harufu moja iliyoungana.

Vipi kuhusu soda? Wengi hudhani itakuwa imeshakufa kabla ya Desemba. Asali ina asidi, na asidi ikikutana na magadi soda hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Lakini asidi iliyomo katika nusu kilo ya asali ni kidogo sana kulinganisha na vijiko vitatu vya soda: inaweza kutumia takriban sehemu moja ya kumi tu. Sehemu kubwa inayobaki hungoja joto. Soda ikipashwa kupita nyuzi 80 hivi za Selsiasi huvunjika yenyewe na kutoa gesi bila kuhitaji asidi, na donge jembamba huweza kuumuka hadi karibu maradufu. Hapa ndipo hamira ya unga haiwezi kushika nafasi ya soda. Hamira hiyo imechanganywa na asidi yake tangu dukani, na ikilowa huanza kazi papo hapo. Ndani ya donge la wiki tano, nguvu yake nyingi itakuwa imekwisha.

Soda inayovunjika kwa joto huacha kitu kingine nyuma, nacho ni kaboneti ya sodiamu, yenye asili ya alkali. Alkali huharakisha mmenyuko kati ya protini na sukari ambao mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912. Sukari za asali, fruktosi na glukosi, huingia katika mmenyuko huo moja kwa moja, jambo ambalo sukari ya mezani haifanyi hadi ivunjwe kwanza. Rangi ya kahawia iliyokolea inatoka hapo, hata pasipo kakao.

Kwa sababu hiyo pia piernik haiokwi kama keki nene. Nje ingeungua kabla katikati hakujaiva. Donge hugawanywa mara tatu, kila sehemu husukumwa unene wa nusu sentimita hadi sentimita moja, na kuokwa kwenye trei kwa nyuzi 170 hivi, dakika 15 hadi 20. Ikiwa na rangi ya kahawia ya wastani, itolewe. Kuingoja iwe nyeusi ni kuitafutia uchungu, na kuna sababu nyingine ya kiafya.

Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vyenye wanga vinavyookwa au kukaangwa hupata akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani. Hutokana na asparajini, asidi amino iliyomo katika unga, ikikutana na sukari kama glukosi na fruktosi kwenye joto linalozidi nyuzi 120. Keki ya asali ina malighafi zote hizo tele. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2017 imeweka kiwango cha rejea cha mikrogramu 800 kwa kilo ya keki za jamii hii, wakati biskuti za kawaida zimewekewa 350. Vibiskuti vidogo vya piernik mara nyingi huumuliwa kwa chumvi za amonia, ambazo hutoa gesi nyingi na kuongeza akrilamaidi. Anayeoka nyumbani ana njia rahisi ya kujikinga: atumie soda, apunguze moto, na atoe trei mapema.

Ikitoka ovenini na kupoa, piernik huwa ngumu, na wengi wanaoioka mara ya kwanza huamini wameiharibu. Hapo ndipo muda wa pili unapoanza. Kati ya tabaka hupakwa powidła, jemu ya plamu iliyochemshwa kwa saa nyingi bila sukari hadi iwe nzito na nyeusi, yenye uchachu. Keki kavu hunyonya unyevu wa jemu, na fruktosi ya asali, ambayo huvuta na kushika maji kuliko sukari nyingine, huuzuia usitoke tena. Ubao mzito juu ya keki iliyofungwa kwa karatasi huhakikisha kila tabaka linagusana na jemu. Baada ya siku tatu au nne keki inakatika kwa kisu bila kupasuka. Chokoleti inayomwagwa juu mwishoni ina kazi zaidi ya pambo: hufunga unyevu ndani, na keki hukaa laini kwa wiki kadhaa.

Anayetaka kuijaribu Mombasa au Dar es Salaam anahitaji marekebisho matatu. Kwanza ni baridi: joto la nyuzi 30 la Novemba halifanani na chumba cha akiba cha Poland, kwa hiyo donge likae friji, ndani ya chombo chenye kifuniko, kwani siagi hunyonya harufu ya samaki na vitunguu. Pili ni asali. Ya nyuki wadogo ina maji na uchachu zaidi, na itavuruga hesabu nzima. Inayofaa ni asali nzito ya nyuki wanaouma, kama ile ya misitu ya Tabora. Tatu ni jemu. Plamu hulimwa Lushoto, lakini zikikosekana, jemu yoyote yenye uchachu inaweza kupunguzwa maji kwa moto mdogo hadi kijiko kisimame ndani yake.

Ratiba inahesabiwa kurudi nyuma kutoka Desemba 24. Donge likandwe kati ya Novemba 12 na 20. Liokwe Desemba 18, na jemu ipakwe siku inayofuata. Ubao uondolewe na chokoleti imwagwe Desemba 23, na kingo zikatwe baada ya chokoleti kuganda.