Ipime Giaboksi Kabla Hujakanyaga Mafuta

Porsche 911 GT3 ya mwaka 2017 iliuzwa kwa giaboksi za aina mbili, na mnunuzi alichagua aitakayo bila kuongeza hela. Ya kwanza ni PDK, yenye klachi mbili na gia 7, inayojipangia gia yenyewe au kwa vibao vilivyo nyuma ya usukani. Ya pili ni manyuali ya gia 6, mkono na mguu kama zamani. Injini ni ileile, lita 4.0, inayopanda hadi mizunguko 9,000 kwa dakika. Yenye PDK hufika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.4, ya manyuali sekunde 3.9. Kwa kasi ya juu kabisa manyuali inaongoza kidogo, 320 dhidi ya 318, na ni nyepesi kwa kilo 17.

Nusu sekunde kwenye gari la mbio ni kubwa mno. Kama saa ndiyo hakimu, kesi ingekuwa imekwisha, na Porsche wenyewe waliamini imekwisha: GT3 ya mwaka 2013 waliitoa na PDK tu. Wapenzi wa gari hilo walilalamika kwa sauti kubwa. Mwaka 2016 kiwanda kikatengeneza 911 R, magari 991 tu, yote manyuali, na bei zake mikononi mwa waliouziwa zikapaa mara moja kupita bei ya dukani. Mwaka uliofuata manyuali ikarudi kwenye GT3. Watu wenye uwezo wa kununua gari lenye kasi zaidi walichagua kwa hiari yao lililo na kasi pungufu. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wanapima kitu ambacho saa haikioni, na kitu hicho kinapimika, mradi ujue pa kuweka mkono.

Msimamo wangu ni huu: giaboksi ya gari la kasi, iwe ya klachi mbili au ya mkono, hujulikana ubora wake katika mwendo mdogo. Ukikanyaga mafuta hadi chini, karibu kila giaboksi ya kisasa itakupendeza, kwa sababu injini inapiga kelele, mgongo umebanwa kwenye kiti, na masikio hayana nafasi ya kusikia makosa. Makosa yanaonekana gari likiwa baridi, likiwa kwenye foleni, likirudi nyuma kwenye mwinuko, au pale dereva anapobadili nia katikati ya jambo. Hapo ndipo mhandisi alipokesha, au alipolala.

Tuanze na klachi mbili. Ndani ya giaboksi hii kuna kama giaboksi mbili za manyuali zilizowekwa pamoja: klachi moja inashika gia za witiri, ya kwanza, ya tatu, ya tano; nyingine inashika za shufwa. Ukiwa gia ya tatu, ya nne imeshaingizwa upande wa pili na inasubiri. Kubadili gia ni kuachia klachi moja huku nyingine ikishika, kama wakimbiaji wanaopokezana kijiti bila hata mmoja kusimama, na ndiyo maana nguvu haikatiki magurudumuni. Wazo ni la zamani. Mfaransa Adolphe Kégresse alilibuni mwaka 1939, lakini hapakuwa na kompyuta ya kuliendesha. Porsche walilipeleka kwenye mashindano miaka ya 1980, na mwaka 1986 Hans-Joachim Stuck na Derek Bell wakashinda Monza kwa Porsche 962 yenye PDK. Mwaka 2003 Volkswagen wakaliweka kwenye Golf R32, na kuanzia hapo likawa jambo la barabarani.

Kutokana na muundo huo unaweza kujua mahali pa kuitafuta kasoro. Gia inayosubiri ni dhana ya kompyuta. Unapoongeza mwendo, kompyuta inaandaa gia ya juu. Dhana ikiwa sahihi, badiliko linapita bila hata kikombe cha chai kutikisika. Basi jaribio la kwanza ni kuidanganya. Nenda kwa gia ya tatu au ya nne, mafuta nusu, kama mtu anayeongeza mwendo taratibu. Halafu, ghafla, kanyaga zaidi kama unataka kulipita lori. Kompyuta iliandaa gia ya juu, wewe sasa unataka ya chini. Ni lazima itoe ile, iingize hii, ipandishe resi ya injini, kisha ikabidhi. Giaboksi bora hufanya hayo yote kwa kituo kifupi na mshiko mmoja laini. Ya hovyo itasita, kisha itakurusha mbele. Rudia kinyume chake: kanyaga, halafu achia mara moja. Sikiliza kama kuna mgongano chini ya gari.

Jaribio la pili ni mwendo wa kutambaa, na hapa barabara zetu ni maabara nzuri kuliko uwanja wowote wa mbio. Foleni ya Mombasa Road jioni, au kupanda Kitonga nyuma ya lori la makontena, ndipo klachi inapoteseka. Otomatiki ya kawaida hupitisha nguvu kwa oili inayozunguka, kwa hiyo kutambaa hakuiumizi sana. Giaboksi ya klachi mbili ina pleti halisi zinazosuguana, na kila sentimita unayosogea bila kuachia breki kikamilifu inageuka joto. Uliza kwanza ni klachi kavu au ni zile zinazoogelea kwenye oili. DQ200 ya Volkswagen, yenye gia 7 na klachi kavu, ilitengenezwa kwa injini ndogo, mwisho wake ni nguvu ya kuzungusha ya Nm 250. DQ250, ya gia 6, ina klachi za oili na ndiyo iliyofungwa kwenye Golf GTI kwa miaka mingi. Nembo ni DSG zote mbili, ila moja ni ya kwenda kazini na nyingine ni ya kukimbia, na anayenunua Golf iliyotumika bila kujua tofauti hiyo amenunua rangi na viti.

Ukiwa kwenye kutambaa huko, achia breki taratibu bila kugusa mafuta. Gari lisogee kama linasukumwa na mkono mmoja mpana. Lisitetemeke, lisiruke, lisisite kisha likurupuke. Baada ya hapo tafuta mwinuko, weka rivasi, panda kinyumenyume kwa mwendo wa mtu anayetembea. Sijui jaribio linalofichua zaidi ya hili. Kompyuta inapaswa kutelezesha klachi kwa kipimo kidogo mno huku uzito wote wa gari ukivuta upande wa pili, na mguu wako hauna uwezo wa kuisaidia. Giaboksi iliyochoka, au iliyoandikiwa programu kwa haraka, itaanza kupiga mtikisiko unaousikia kwenye mapaja.

Vibao vya usukani navyo vina lugha yake. Vuta cha kushoto kushusha gia unapofunga breki, na upime muda kati ya kidole na injini. Kinachotakiwa ni jibu lilelile kila mara, hata likiwa si la haraka sana. Jibu linalobadilikabadilika linamfanya dereva avute mara mbili, na gia mbili zikashuka alipotaka moja. Kwenye hali ya mkono, gari la kweli la kasi huiacha injini igonge kikomo cha resi bila kupandisha gia kwa siri. Umeomba kushika usukani wa maamuzi, ushike. GT3 ya PDK ilikwenda mbali zaidi: ukivuta vibao vyote viwili kwa pamoja, klachi inaachia, kama umekanyaga pedali ambayo haipo. Ni dalili kwamba aliyeitengeneza alikuwa dereva.

Kuna ubora wa bandia wa kujihadhari nao. Baadhi ya magari, ukiyaweka kwenye hali ya Sport, hukupiga teke la mgongoni kila gia inapoingia. Teke hilo mara nyingi limepangwa kwenye programu ili dereva ahisi ukali. Klachi mbili hazihitaji teke. Sababu ya kuwepo kwazo ni kuliondoa. Mateke halisi yalikuwa ya kizazi kilichotangulia, klachi moja inayobonyezwa kwa haidroliki, kama Ferrari F355 F1 ya mwaka 1997 na SMG za BMW, ambazo kwa mwendo mdogo zilimtingisha dereva kichwa kama anayekubali kila kitu. Leo ni za kumbukumbu tu. Na isidhaniwe klachi mbili ndiyo kituo cha mwisho: BMW, waliozifunga kwenye M3 ya mwaka 2008, mwaka 2017 waliipa M5 mpya otomatiki ya kawaida ya gia 8, kwa kuwa imekuwa nyepesi kujibu na inavumilia zaidi kutambaa.

Kwa manyuali, kazi inaanza injini ikiwa imezimwa. Weka nyutro, sukuma mkono wa gia kushoto, achia. Urudi katikati wenyewe na kutulia, bila kuchezacheza kama jino bovu. Washa. Kanyaga klachi, na kwa vidole viwili vuta polepole kuelekea gia ya pili. Utahisi hatua mbili. Ya kwanza ni ukinzani mdogo: pete ya sinkronaiza imegusa gia na inaisawazisha kasi yake na ile ya shafti. Ya pili ni kuachia, gia inaingia. Kwenye giaboksi bora hatua ya pili inauvuta mkono, yaani gia inaomba kuingia. Wenye Honda S2000 wanalijua hili vizuri. Sijashika mkono wa gia mfupi na safi kuliko ule.

Gia ya pili ikiwa baridi ndiyo mtihani mkuu. Nafasi kati ya ya kwanza na ya pili kwa kawaida ndiyo kubwa kuliko zote, kwa hiyo sinkronaiza ina kazi nzito, na asubuhi oili nzito inaizuia pete kushika. Ferrari za zamani zenye mkono wa chuma na geti lake la kung'aa zilisifika kwa kuikataa gia ya pili hadi oili ipate moto, na wenyewe walizoea kuruka kutoka ya kwanza kwenda ya tatu. Kwao ilikuwa tabia ya mnyama. Kwenye gari la kisasa ni ugonjwa. Ikisaga asubuhi, sinkronaiza imeisha, na kubadili oili kutaficha tu kwa muda.

Kutoka ya pili kwenda ya tatu, fungua kiganja na usukume mbele tu, bila kuelekeza. Springi ndiyo ikuongoze. Hapa 911 ya mwaka 2011 ilijikwaa. Ilikuwa gari la kwanza la abiria kupewa manyuali ya gia 7, iliyojengwa juu ya mifupa ya PDK, na ile safu ya nne ya gia ilisongamana na nyingine kiasi kwamba Porsche waliifunga ya 7 isiingie mpaka utoke ya 5 au ya 6. Kufuli hilo peke yake linaeleza kila kitu: mkono haukuiamini njia yake. Walipoirudisha manyuali kwenye GT3, gia ya 7 haikuwepo. Waliweka ya gia 6.

Pedali hupimwa kwa kuondoka bila mafuta. Inua mguu taratibu kwenye tambarare mpaka gari lisogee kwa resi ya chini. Klachi ianze kushika karibu na katikati ya safari ya pedali, kwa eneo pana linalosomeka kwa wayo. Uzito wa pedali si sifa, ingawa wako wanaouona kama uanaume. Kisha funga breki kwa nguvu na uangalie kama pedali ya breki inashuka hadi kulingana na ya mafuta, ili ubavu wa mguu wa kulia uweze kupiga resi unaposhusha gia. Upimaji huu haufanyiki gari limesimama, maana breki isiyobanwa sawasawa hukaa juu. Magari mengi siku hizi hupiga resi yenyewe, tangu Nissan 370Z ilipoonyesha njia. Ni kifaa kizuri, mradi kuna namna ya kukizima.

Mimi binafsi, GT3 ningechukua ya manyuali, kwa sababu gia ya tatu kwenda ya pili kabla ya kona, resi ikiwa imelingana sawasawa, ni kazi ya mikono inayofurahisha kila siku. Golf GTI ya kuishi nayo Nairobi au Dar, ningechukua DSG ya oili bila kufikiri mara mbili. Mitsubishi Evolution X inataka umakini zaidi, nazo zinaletwa kwetu kutoka Japani zikiwa zimetumika: ya manyuali ina gia 5 tu, ya klachi mbili, SST, ina 6, ni tamu sana barabarani, lakini ikibanwa mfululizo kwenye uwanja wa mbio huchemka na kujizuia. Ukiipenda SST, taka kumbukumbu za oili. Hata DQ250 Volkswagen hutaka ibadilishiwe oili kila kilomita 60,000, na muuzaji anayesema oili ya giaboksi ni ya maisha yote ya gari anazungumzia maisha mafupi.

Na miadi yote iwe ya asubuhi. Fika kabla gari halijawashwa, weka kiganja juu ya boneti. Ukiikuta ina moto, mshukuru muuzaji na umwambie utarudi kesho.