Nyundo Ilirudishwa Boksini Mapema Mno

Nyundo alikuwa nayo mkononi fundi aliyeitwa kumkagulia mnunuzi pikapu. Alishagonga chesisi kuanzia chini ya injini hadi mwisho wa kabini, na kote chuma kilijibu kwa mlio mkali. Akafika pale chesisi inapopanda kuiruka ekseli ya nyuma, akakuta rangi nyeusi, mbichi, inang'aa. Akaipangusa kwa kiganja, akasema, "Hapa wameshatengeneza," na nyundo ikarudi kwenye boksi la spana. Mliokuwapo gerejini Kasulu mliona, na baadhi yenu mliitikia kwa kichwa. Mimi nasema Toyota Hilux Vigo ile ya 2008 haikukaguliwa, ilitazamwa tu.

Rangi mpya uvunguni mwa pikapu ya umri ule ni swali, si jibu. Nani analala mgongoni kwenye mchanga apake mahali ambapo mnunuzi hafiki? Na kwa nini apake urefu wa mita moja tu, huku mbele akiiacha kutu ya kawaida ya juujuu ijionee jua? Muuzaji aliyepaka kipande kimoja amekuonyesha kwa kidole pa kugonga. Fundi akaonyeshwa, akapita.

Chesisi ya gari hili ni boksi, na kutu ya kuogopa haianzi nje. Udongo mwekundu wa nyanda hizi unaingia kwa matundu ya ubavuni, unatulia kwenye ule mkunjo wa juu ya ekseli, unaziba vitundu vya kutolea maji, na mvua za kuanzia Oktoba hadi Mei zinauweka mbichi. Chuma kinaliwa kwa ndani kama nguzo iliyoingiwa na mchwa. Nje unakuta rangi safi kabisa. Dawa ni nyundo yenye ncha: penye uzima inaruka, palipooza inatoa mlio mfu, halafu inazama. Kisha unachokonoa kitundu cha maji kwa bisibisi nene, unapokea kwa kiganja kinachodondoka. Vumbi kavu, unaweza kuendelea. Magamba mazito ya kahawia, unamwambia dalali asubuhi njema.

Kule Marekani jambo hili liliigharimu Toyota fedha nyingi. Mwaka 2008 ilianza kuzinunua upya pikapu za Tacoma za 1995 hadi 2000 zilizooza chesisi, na mwaka 2016 ikaingia suluhu mahakamani iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4 kwa Tacoma, Tundra na Sequoia za baadaye, magari yapatayo milioni 1.5. Kipimo cha kubadilishiwa chesisi kilikuwa tundu la milimita 10 au zaidi, lililotobolewa na kutu kutoka ndani. Milimita 10! Fundi wetu hakutafuta hata tundu la kuingiza ngumi.

Najua mtakalosema: kule ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, huku kuna theluji gani? Sawa. Lakini Uvinza ni mkoa huuhuu, na chumvi yake husafiri kwa magunia. Samaki wa Ziwa Tanganyika nao wanapanda kuja huku, wengine wakichuruzika njia nzima. Bodi ya nyuma ikishatoboka kwenye kona, maji yale yanaangukia wapi kama si juu ya chesisi? Hakuna aliyeuliza pikapu ile ilikuwa ikibeba nini. Waliuliza imetoka wapi, dalali akasema "Japani", mjadala ukafungwa. Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 na haikuirudisha hadi 2017. Vigo ya 2008 kutumika Japani kwahitaji maelezo. Uingereza, ambako usukani pia uko kulia, barabara humwagiwa chumvi kila majira ya baridi, na pikapu za kule zinafika huku. Namba ya chesisi ikianza na MR0 imeundwa Thailand, ikianza na AHT ni Afrika Kusini. Huko ni kuzaliwa, haikuambii imelelewa wapi.

Kwenye magurudumu ya mbele fundi alifanya kazi safi: jeki chini ya mkono wa chini, mtaimbo chini ya tairi, msaidizi akakanyaga breki ili mchezo wa beringi utengwe na wa boljointi.

Kisha wakaijaribu kwenye lami. Lami! Bushi iliyokufa hainyamazi kwenye changarawe, na changarawe ipo kila kijiji. Nimeshaandika kwamba lami mpya ya Kibondo na Kasulu imewafundisha madalali pa kumpeleka mteja, na sitaacha kuandika.

Miaka ya 1990, wilaya hizi zilipojaa wakimbizi wa Burundi na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa 1996 kwa Wakongo, gereji za mashirika zilikuwa na wazee ambao hawakugusa gari kabla halijaoshwa uvunguni. Kibondo palikuwa na mmoja ambaye rangi nyeusi ilimkera: alichukua tindo akaikwangua mbele ya mwenye gari, anayenuna anune. Vijana wa leo wana kifaa cha kusoma taa za injini, tindo hawana. Nao wakiambiwa "hii ilikuwa ya shirika" wanalegea, kana kwamba njia za kambini huyaonea huruma magari ya mashirika.

Nirudi kwa fundi wetu. Uamuzi wake wa pili ulizaliwa na wa kwanza, ule wa kuirudisha nyundo boksini. Nyuma gari lilikuwa limekaa chini, naye akashauri liongezwe jani la springi, kwa kuwa mnunuzi anapakia maharage. Bushi za shakoli hakuzitia mtaimbo, sentaboti hakuiangalia. Jani la ziada haliponyi springi iliyochoka, linaifanya ngumu. Springi isiyopinda inapeleka kila shimo kwenye vishikio vyake, na cha mbele kimefungwa kwenye kipande kilekile kilichopakwa rangi.

Mnunuzi, kama unasoma, jani hilo litolewe kabla hujapakia tena. Weka bushi mpya na sentaboti mpya, na rangi ikwanguliwe hadi chuma kionekane. Patakapotoboka, kata mpaka ufike kwenye chuma kizima, usikubali kiraka juu ya kutu. Na mchomeleaji asivute mstari wa wima kuikata chesisi kwa upana. Kiraka akikate kwa mshazari, kila upande uishie kwa pembe kali, la sivyo chesisi itakatika kando kabisa ya weldi yake.