Fundi wa Bati na Mustang ya 1965

Wengi wanaokwenda kununua Ford Mustang ya mwaka 1965 inayosubiri matengenezo huanza na boneti. Wanaifungua, wanauliza kama injini ni V8, wanaitazama kabureta, wanaomba iwashwe waisikilize. Fundi wa bodi akifika kwenye gari hilo hilo, injini haimshughulishi. Anapiga magoti mlangoni, anainua zulia upande wa dereva, anabonyeza sakafu kwa kidole gumba. Halafu anaomba ndoo ya maji.

Maji hayo anayamimina taratibu kwenye vitundu vilivyo chini ya kioo cha mbele, karibu na waipa, huku mwenzake amelala chali ndani na tochi, akichungulia chini ya dashibodi. Chini ya vitundu hivyo mna sanduku la bati lililokwenda upana mzima wa gari. Kazi yake ni kuingiza hewa ndani ya gari na kuyatoa maji ya mvua pembeni, nyuma ya madigadi ya mbele. Hewa inapita kwenye matundu mawili yaliyozungushiwa kingo za bati, ili maji yasifuate njia yake. Lakini majani makavu na vumbi huingia humo, vikajikusanya kwenye kingo hizo, vikakaa na unyevu mwaka baada ya mwaka. Kutu inaanzia mahali ambapo jicho halifiki na brashi ya rangi haikuwahi kufika. Aliye na tochi akiona tone moja tu, bei ya gari lazima izungumzwe upya, hata kama rangi ya nje inang'aa kama siku lilipotoka kiwandani.

Tone hilo linatisha kwa sababu ya jinsi gari lenyewe lilivyoundwa. Mustang haina chesisi ya kutenganishwa na bodi. Sakafu, vizingiti vya milango na mihimili ya mbele na nyuma vimechomelewa vikawa kitu kimoja, na kitu hicho ndicho kinachobeba injini, magurudumu na abiria. Maji yakipita kwenye sanduku lile yanatua sakafuni, yanafyonzwa na zulia, na bati linaoza likiwa limefunikwa. Kwa hiyo sakafu iliyooza ni sehemu ya mfupa wa gari iliyokwisha.

Ford waliizindua Mustang tarehe 17 Aprili 1964, kwenye Maonesho ya Dunia ya New York, kwa bei ya kuanzia dola 2,368. Mwaka wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 400,000. Bei ile iliwezekana kwa sababu sehemu nyingi za chini zilitoka kwenye Falcon, gari la kawaida la familia. Ukoo huo tuliuona hata huku kwetu: mwaka 1964 magari ya Mercury Comet, nayo yenye asili ya Falcon, yaliletwa kushindana katika mbio za magari za East African Safari. Mengi hayakufika mwisho, na ushindi ukaenda kwa dereva Peter Hughes katika Ford Cortina GT. Lakini huko Marekani adui wa Mustang alikuwa chumvi. Majimbo kama Michigan, Ohio na New York humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hurukia chini ya gari na kuingia katika kila kiungo. Ndiyo maana wanunuzi wazoefu hulitafuta gari lililoishi Arizona au sehemu kavu za California, hata kama viti vyake vimechanika na rangi imebabuka kwa jua. Kiti hushonwa na rangi hupigwa upya. Bati zima la mwaka 1965 ni shida kulipata.

Nikisema navutiwa na ufundi huu, nina maana hasa ya kazi ya kulifungua sanduku lile. Kiwandani mabati mawili yaligandamizwa na kuunganishwa kwa umeme, nukta kwa nukta, makumi kwa makumi, kila nukta si kubwa kuliko punje ya mahindi. Fundi kwanza huondoa madigadi, boneti na kioo. Kisha anakwangua rangi na gundi ya zamani kwa brashi ya waya mpaka nukta zionekane kama vibonde vidogo vilivyopangwa mstari. Kila kibonde anakitia alama katikati kwa nyundo, halafu anashika drili yenye kikata cha mviringo. Kazi ya kikata hicho ni kulikata bati la juu kuizunguka nukta, bila kulitoboa la chini.

Hapo mkono ndio unaojua. Drili inabadilisha sauti bati la juu linapokaribia kuachia, na fundi anapunguza nguvu kabla macho hayajaona chochote. Akizidisha, ametoboa bati la chini na amejiongezea tundu la kuziba. Akipunguza, bati haliachii, na akiling'oa kwa patasi litapinda na halitarudi sawa. Anafanya hivyo kwenye nukta ya kwanza, ya kumi, ya hamsini, kwa uangalifu ule ule, maana nukta moja iliyosahauliwa kwenye kona inatosha kulirarua bati zima wakati wa kulinyanyua. Likinyanyuka, ndani anakuta udongo mweusi, majani yaliyogeuka unga, pengine kiota cha panya, na zile kingo za bati zimebaki kama kamba za kutu.

Vipande vipya vinauzwa madukani, na watu hudhani basi kazi imekwisha. Bado. Kipande cha dukani kinakaribia kufanana na cha zamani, hakifanani nacho kabisa. Fundi anakikaza kwa koleo za kubana, anarudisha madigadi na milango bila kuchomelea chochote, anatazama nafasi kati ya mlango na digadi juu hadi chini. Hairidhishi, anavitoa vyote, anapunguza kidogo kwa tupa, anarudisha tena. Mashine ya kuchomelea inawashwa siku milango inapojifunga vizuri, si kabla. Na kabla ya bati la juu kurudi mahali pake anamimina maji tena kwenye sehemu ya chini iliyo wazi, maana baada ya hapo hakuna atakayeiona tena.

Sakafu nayo ina somo lake. Bati la gari hili ni jembamba, na moto wa kuchomelea hulikunja. Fundi haendi mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Anaweka nukta hapa, anaruka anaweka nyingine mbali, anaacha papoe, anarudi kati. Ungio linapopoa hujikaza na kuvuta bati kila upande, likatokea bonde mahali palipokuwa tambarare. Hapo anashika chuma kizito kwa chini na nyundo kwa juu, anagonga juu ya ungio lenyewe taratibu ili alitanue lirudi urefu wake. Kisha anapitisha kiganja, mara nyingi kikiwa ndani ya glovu laini au juu ya kitambaa, kwa sababu kiganja kikiteleza bila kukwama hukisikia kibonde ambacho macho yamekipita. Fundi mzuri humaliza na tabaka jembamba mno la puti. Fundi mbaya hujaza puti, na puti nene hupasuka.

Ukikuta Mustang isiyo na paa, ongeza tahadhari. Paa la bati lilisaidia kushikilia bodi. Lisipokuwepo, vizingiti na sakafu hubeba kila kitu, na ndiyo maana kiwanda kiliongeza mabati ya kuimarisha kwa chini. Fundi anayejua kazi huchomelea kwanza vyuma vya kuzuia kwenye nafasi za milango, ndipo akate sakafu. Asiyejua hukata kwanza, gari likalegea katikati, na milango haifungi tena.

Kuna pia namba. Kwenye bati la ndani la digadi la mbele kushoto, ukifungua boneti, zimepigwa herufi na tarakimu za kuonyesha gari lilizaliwa likiwa la aina gani. 5F08C, kwa mfano, ni mwaka 1965, kiwanda cha Dearborn, bila paa, injini ya inchi za ujazo 289 yenye kabureta ya midomo miwili. Herufi R ni San Jose, T ni Metuchen. Herufi K mahali pa injini ni ile 289 ya nguvu za farasi 271, na kwa sababu inapandisha bei sana, wapo wanaoitafuta kwa hila. Kibao cha mlangoni, chenye namba hizo hizo, hushikiliwa kwa ribiti, na ribiti hung'olewa. Zisome namba za kwenye bati, kisha tazama kama bati lenyewe limewahi kukatwa na kuchomelewa upya.

Chuo cha McPherson, jimbo la Kansas, kinatoa shahada ya miaka 4 ya ukarabati wa magari ya kale, na nadhani wanastahili heshima kwa kuliweka bati mahali pamoja na vitabu. Kwetu, kwenye gereji za Gerezani, Dar es Salaam, na barabara ya Kirinyaga ambayo Wanairobi bado wanaiita Grogan, wapo wazee walioijua kazi hiyo hiyo ya nyundo na chuma kwa kumshikia mwalimu vifaa mpaka mkono ukazoea. Vyeti hawana, lakini kiganja wanacho.

Kwa hiyo, ndugu unayeweka akiba ya dola kwa ajili ya Mustang, iwe uko Minneapolis au Mombasa: ukionyeshwa mbili kwa bei moja, moja ina rangi mpya na viti vipya, nyingine imebabuka, haina zulia, na sakafu yake kavu inaonekana yote, chukua ya pili. Na kabla ya kulipa, nenda na fundi wa bati, umlipe siku yake, na ubebe ndoo.