Kati ya Viatu na Kofia

Ipo baladi moja ya Uskoti yenye beti 11 tu ambayo ndani yake meli inazama na waungwana wote waliokuwamo, na mtungaji hatumii hata mshororo mmoja kuizamisha. Jina lake ni "Sir Patrick Spens". Thomas Percy, kasisi wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu, aliichapa mwaka 1765 katika mkusanyo wake wa mashairi ya kale, na hadi leo haijapatikana njia bora ya kumfundisha mtu namna baladi inavyofanya kazi kuliko kumfungulia ukurasa ule. Wanafunzi wetu wa fasihi simulizi wanaijua jamaa yake kwa jina la rara: hadithi fupi ya kuimbwa, yenye tukio la kusisimua. Maana hiyo ni sahihi, ila haisemi ufundi uko wapi.

Tuifuate ubeti kwa ubeti. Mfalme yuko Dunfermline, anakunywa mvinyo mwekundu, anauliza atampata wapi baharia hodari wa kuendesha meli yake. Mzee aliyeketi kuumeni kwake anamtaja Sir Patrick. Mfalme anaandika barua na kuitia sahihi kwa mkono wake. Barua inamkuta Sir Patrick anatembea mchangani. Anasoma mstari wa kwanza, anacheka. Anasoma wa pili, chozi linamlengalenga. Anauliza ni nani huyo aliyemfanyia ubaya huu, kumpeleka baharini msimu kama huu. Hapo beti tano zimekwisha.

Ubeti wa sita unapoanza, nahodha anawahimiza watu wake: fanyeni haraka, meli inatweka asubuhi. Ameamua saa ngapi? Hatuambiwi. Hatukumsikia akijishauri, wala akimuaga mtu, wala akisema kwamba amri ya mfalme haina mjadala. Wala hatujui safari inakwenda wapi na inafuata nini. Baharia mmoja anamsihi asiondoke: jana usiku ameuona mwezi mchanga umeupakata mwezi mkuukuu, na hiyo ni dalili ya tufani. (Ni ule mwezi mwandamo ambao duara lake zima linaonekana kwa mbali, lenye weusi hafifu. Mshairi Coleridge aliupenda ubeti huo kiasi cha kuuweka juu ya shairi lake kubwa la huzuni la mwaka 1802.) Baharia anamaliza kwa kusema anaogopa watapatwa na balaa.

Kisha unakuja ubeti wa nane, na hapa ndipo msomaji anapotakiwa kusimama. Waungwana wa Uskoti, unasema, walikuwa wazito sana kulowanisha viatu vyao vya fahari. Lakini mchezo haujaisha, kofia zao zilikuwa zinaelea juu. Basi. Ubeti umekwisha, na watu wamekufa. Viatu viko mwanzoni mwa ubeti, kofia ziko mwishoni, na urefu wote wa mwili wa binadamu, pamoja na meli, tufani, kelele na dua, umepita katikati bila kutajwa. Msikilizaji ndiye anayepiga hesabu: kama viatu vilikuwa vikavu na sasa kofia zinaelea, maji yamefika wapi?

Angalia pia kejeli iliyomo. Mabwana walioogopa kulowa kidole cha mguu wamelowa hadi utosini. Mtungaji hakuwacheka, hakuwasikitikia, hakuwahukumu. Ameviweka vitu viwili kando kwa kando akanyamaza.

Linalofuata linashangaza zaidi. Baladi iliyokataa kutumia mshororo mmoja kwa ajili ya tufani inatumia beti mbili nzima kuwaonyesha wanawake waliobaki nchi kavu. Mara ya kwanza wamekaa na vipepeo vya kujipepea mikononi, wanangoja. Mara ya pili wamesimama na vichana vya dhahabu vichwani, wanangoja tena. Beti hizo mbili zinakaribia kuwa kitu kimoja, zimebadilishwa maneno machache tu. Mhariri wa gazeti angefuta mmoja. Angekosea, kwa sababu kungoja hakusemwi kwa ubeti mmoja. Ni lazima msikilizaji naye angojeshwe, huku akijua jambo ambalo wanawake wale hawalijui. Ubeti wa mwisho unatupeleka chini ya bahari karibu na Aberdour, pima 50 kwenda chini, ambako Sir Patrick amelala na mabwana wako miguuni pake. Katika ubeti wa pili mzee alikuwa ameketi kuumeni kwa mfalme. Sasa wakubwa wote wamepangwa chini ya nahodha. Hilo nalo halikufafanuliwa.

Francis Gummere, mtaalamu wa Kimarekani, aliuita mwendo huu wa baladi kuruka na kukawia, katika kitabu chake cha mwaka 1907. Sijaona maelezo mafupi yaliyoshinda hayo. Baladi huruka pale hadithi ya kawaida inapokawia, na hukawia pale hadithi ya kawaida inapopita mbio. Huruka uamuzi, safari, mapigano, kifo. Hukawia kwenye barua, kwenye swali, kwenye kitanda, kwenye kichana.

Umbo la ubeti linasaidia. Ubeti wa kawaida wa baladi za Uingereza na Uskoti una mishororo minne: wa kwanza na wa tatu una mapigo manne ya sauti, wa pili na wa nne una matatu, na vina viko mwisho wa wa pili na wa nne. Kiingereza huhesabu mkazo, hakihesabu silabi kama sisi, kwa hiyo idadi ya silabi hupungua na kuongezeka bila mtu kulalamika. Lakini lahani haipungui. Wimbo una nafasi nne kila mshororo. Ule mfupi una maneno ya nafasi tatu. Nafasi ya nne inabaki tupu, au mwimbaji anaivuta sauti hadi ijae. Ni pumzi. Kila baada ya mishororo miwili msikilizaji anapewa kimya kidogo cha kufikiria, na ni katika kimya hicho baladi hufanyia kuruka kwake. Anayeisoma kwa macho tu hukikosa. Bibi Margaret Laidlaw, mama wa mshairi James Hogg, alimweleza mwandishi Walter Scott jambo hilo bila kumung'unya maneno, kwa masimulizi ya mwanawe: nyimbo zile zilikuwa za kuimbwa, si za kusomwa, naye Scott kwa kuzichapa alikuwa ameziharibu.

Scott alikuwa ameshachapa. Mkusanyo wake wa baladi za mpakani mwa Uskoti na Uingereza ulianza kutoka mwaka 1802, na ndani yake "Sir Patrick Spens" imo, ikiwa na beti zaidi ya 20. Humo tunaambiwa safari ni ya Norwei na inamfuata binti wa mfalme. Tunaambiwa kuhusu ugomvi na wenyeji. Tufani inaonekana, bolti ya meli inachomoka, na mabaharia wanaziba ubavu wa meli kwa vitambaa vya hariri. Hariri ile ni nzuri, siwezi kuikana. Ila nikiziweka nakala mbili pamoja, ya Percy inanikaa rohoni na ya Scott inakaa kichwani. Ya Scott imejibu maswali niliyokuwa nataka yabaki.

Nusu ya pili ya ufundi ni marudio, na hapo mwalimu ni baladi nyingine, "Lord Randal". Profesa Francis James Child wa Harvard, aliyekusanya baladi 305 za Uingereza na Uskoti katika kazi iliyochapwa kati ya 1882 na 1898, aliipa namba 12. Ni kisa kilichosambaa mbali: jamaa yake wa Kiitalia alikwishatajwa Verona mwaka 1629. Humu hakuna msimulizi kabisa. Kuna mama anayeuliza na mwana anayejibu. Ulikuwa wapi? Msituni, nikiwinda. Ulikula kwa nani? Kwa mchumba wangu. Ulikula nini? Mikunga. Mbwa wako wako wapi? Walivimba wakafa.

Kila jibu linaishia na ombi lile lile: mama, nitandikie kitanda, nimechoka na mawindo, nataka kulala. Mara ya kwanza tunaamini. Kijana ametoka porini, miguu inamuuma, nani asingetaka kitanda? Mara ya pili bado tunaamini. Walipokufa mbwa, maneno ni yale yale lakini hayasikiki tena kama mwanzo. Kitanda kimeanza kuwa kitanda kingine. Katika ubeti wa mwisho, mama akishasema kwamba anahofia mwanawe amelishwa sumu, ombi linabaki na sababu ndiyo inayobadilika: hakuchoka na mawindo, anaugua moyoni. Kibwagizo ambacho kwa watungaji wengi ni mahali pa kupumzikia, hapa ndicho kinachosogeza kisa. Bob Dylan alilijua hilo vizuri. Wimbo wake "A Hard Rain's A-Gonna Fall", alioutunga mwaka 1962, umesimama juu ya mashina hayo hayo ya mzazi kumwuliza mwana alikokuwa.

Kwa nini baladi zikawa hivi? Si kwa sababu Waskoti wa kale walikuwa na nadharia. Jibu linaonekana ukizilinganisha na ndugu zao za mitaani. Uingereza ya karne ya 16 na ya 17 ilijaa baladi za karatasi moja, zilizochapwa haraka na kuuzwa sokoni kwa bei ndogo. Mkusanyaji mmoja, Samuel Pepys, peke yake alihifadhi zaidi ya 1,800. Zile husema yote: mwaka, mji, jina la muuaji, na mwisho nasaha kwa vijana. Zilikuwa magazeti. Nyimbo zilizopita kinywa hadi kinywa kwa vizazi zilipoteza sehemu hizo kwanza, kwa kuwa tarehe na nasaha ni vigumu kukumbuka na ni rahisi kuacha. Kilichobaki ni picha, maneno ya mtu kwa mtu, na marudio. Mchujo ulikuwa koo za watu. Hii ndiyo sababu hatujui nani alitunga "Sir Patrick Spens", na swali lenyewe halina uzito sana.

Utenzi wetu una desturi nyingine kabisa. Unafungua kwa jina la Mwenyezi Mungu, mara nyingi mtunzi anaagiza wino na karatasi, na mwishoni anajitaja, pengine na tarehe na idadi ya beti. Ni kazi ya kalamu iliyoghaniwa, si kazi ya koo iliyoandikwa baadaye. "Utendi wa Tambuka" wa mwaka 1728 unapita beti 1,000, na Shaaban Robert alizihitaji kwa maelfu kusimulia vita vya pili vya dunia. Hadhira ya utenzi inataka kujua nani alipigana na nani na wapi, na ina haki. Hata hivyo, utenzi ukitaka kukawia unajua: Muhamadi Kijuma, katika utenzi wake wa Fumo Liyongo wa mwaka 1913, anamwacha shujaa aliyekwisha kufa amepiga goti kisimani na upinde wake, na mji mzima unaogopa kwenda kuteka maji.

Ili tofauti ya mwendo ionekane, nimetunga mfano. Chombo kinazama. Mtunzi wa utenzi angesema hivi:

Mawimbi yakapandana
na pepo zikapigana
mabaharia kuona
wakamuomba Jalia.

Mizani minane, vina mahali pake, na tunaona tufani. Sasa tukijaribu mwendo wa baladi, kwa mizani minane na sita ili kuiga ule mshororo mfupi:

Usitweke tanga leo,
kusi linavuma.
Tajiri ataka mali,
siwezi kugoma.

Gunia la karafuu
laelea pwani.
Tajiri anywa kahawa
pale barazani.

Si beti za kushindania tuzo. Lakini tazama kilichoachwa: hakuna aliyesema "nahodha akajibu", chombo hakikuzama mbele yetu, na tajiri hakutukanwa. Ukiongeza ubeti wa tatu wa kumlaani tajiri, ule wa pili unakufa papo hapo.

Na huo ubeti wa tatu ndio ninaokutana nao kila mara katika mashairi ya visa yanayoandikwa sasa: ajali za mabasi, mafuriko, wasichana waliodanganywa. Tukio limeelezwa barabara, halafu zinafuata beti nne za "enyi vijana zindukeni". Watunzi hao wana sikio zuri na Kiswahili safi, hawana upungufu wa kipaji. Wanachokosa ni imani kwa msikilizaji.

Kwa hiyo ninawaomba malenga wa safu hii wajaribu jambo moja mwezi huu. Chukueni kisa kimoja mnachokijua, mkitunge kwa beti zisizozidi 11, pawepo watu wawili wanaosemezana na mshororo mmoja unaorudi. Mkimaliza, tafuteni ubeti unaoeleza tukio lenyewe mwufute, kisha mwimbieni mtu asiyekijua kisa hicho, bila kumpa karatasi. Akiuliza "sasa alikufa?", rudisheni mshororo mmoja, si zaidi.