Usanifu na Walinzi Wake: Kutoka Boma la Kale hadi Milima ya Umatengo

Kiswahili kina neno moja kwa kazi mbili, na wengi hulitumia bila ya kuona kwamba lina ncha mbili. Kusanifu ni kutunga kitu kwa akili na ustadi. Tena kusanifu ni kukiweka kitu katika kipimo kinachokubaliwa. Kwa maana ya kwanza hupatikana msanifu majengo. Kwa maana ya pili hupatikana Kiswahili Sanifu, kilichoanza kusimamiwa na kamati ya lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki mwaka 1930. Neno hili lisichanganywe na sanaa, ijapokuwa sauti zao zakaribiana: sanaa latoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutenda na kutengeneza, hali sanifu latoka katika mzizi wenye maana ya kupanga vitu kwa aina zake. Tofauti hii si ya kamusi tu. Chama chochote kinachojitolea kuhifadhi usanifu wa siku hizi bila ya kutafuta faida hufanya kazi zote mbili kwa pamoja: hulinda kilichotungwa, na papo hapo huamua kipi kihesabiwe kuwa kimetungwa. Kazi ya kwanza husifiwa. Ya pili ndiyo ipasayo kuhojiwa.

Mfano ulio karibu ni Kituo cha Urithi wa Usanifu Majengo cha Dar es Salaam, kijulikanacho kwa jina la DARCH. Kilianzishwa katika muongo wa 2010 kwa ushirikiano wa chama cha wasanifu majengo wa Tanzania na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, kikakaa katika Boma la Kale, nyumba ya mawe ya matumbawe iliyojengwa zamani za Sultani Majid, yapata mwaka 1866 na 1867. Nia yake ni ya namna moja na ile ya Docomomo, jumuiya iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 1988 kwa ajili ya kuandika habari za majengo ya kisasa na kuyalinda. Sifa kubwa ya Kituo hiki ni kwamba hakikuishia kwenye mawe ya Waarabu na mabati ya Wajerumani, bali kilizihesabu kuwa urithi hata kazi za watu kama Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1921, na Beda Amuli, Mwafrika wa kwanza wa Tanzania kuwa msanifu majengo.

Ushupavu huo hauonekani vema mpaka itazamwe sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka: kilichojengwa kabla yake kililindwa kwa umri wake, na kilichojengwa baadaye kilingoje tangazo la Waziri. Kwa kipimo hicho hata Boma la Kale lenyewe limechelewa kwa miaka michache, na kazi za baada ya Uhuru ziko mbali kabisa na kivuli cha sheria. Basi kuita jengo la miaka ya 1970 urithi ni kuipinga tarehe kwa hoja. Hoja yenyewe ni hii: kitu hustahili kulindwa kwa fikira iliyomo ndani yake, wala si kwa vumbi lililo juu yake.

Hoja hiyo ni njema, lakini mwenye kuikubali hana budi kuifuata mpaka iishie. Litazamwe Soko la Kariakoo, kazi ya Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuunguzwa na moto mwezi wa Julai 2021. Uzuri wake haumo katika mapambo, kwa maana hayapo. Umo katika paa: miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini, ikapokea mvua na kuiteremsha kwa nguzo hadi kwenye matangi yaliyo chini. Kivuli cha muuzaji na maji ya soko vimetoka katika umbo moja. Hapo ndipo mhakiki asemapo kwamba huu ni usanifu: tatizo limeeleweka, na umbo limelijibu.

Sasa fikira iyo hiyo ipelekwe Mbinga, katika milima ya Umatengo. Huko mteremko ni mkali, mvua ni nyingi, na udongo usiozuiliwa huteremka mabondeni. Wamatengo wamelijibu tatizo hili kwa ngoro. Mwisho wa masika nyasi hufyekwa, hukaushwa, kisha hulazwa juu ya mteremko kwa mistari ikatanayo hata uso wa mlima ukawa miraba. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kutupwa juu ya nyasi, ikabaki shimo lililozungukwa na matuta manne. Maharage hupandwa juu ya matuta. Mvua za mwisho wa mwaka zikija hupandwa mahindi. Maji yateremkayo hukamatwa shimoni na kunywewa na ardhi polepole, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga nyasi, wanawake huchimba na kupanda. Baada ya mzunguko wa mazao mashimo mapya hayachimbwi pale pale palipokuwa ya zamani.

Mwavuli wa Kariakoo na shimo la Umatengo hujibu swali moja: mvua ipokewe namna gani ili ifae pasipo kuangamiza? Jibu la kwanza huitwa usanifu, likaandikiwa jina la mtungaji wake. La pili huitwa kilimo cha jadi, likaachiwa maafisa wa udongo. Habari za ngoro zilichapwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1938, zikitazamwa kuwa njia ya kuzuia mmomonyoko. Tangu miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wataalamu wa Japani wamezichunguza kwa undani zaidi. Katika maandishi hayo swali la umbo halikupewa nafasi sawa na swali la mavuno.

Yaweza kujibiwa kwamba ngoro si ya kisasa. Jibu hilo halisimami imara. Masimulizi huihusisha na vita vya Wangoni vya karne ya 19, vilivyowasonga watu milimani wakalazimika kulima penye mteremko. Kwa umri, basi, ni jirani ya Boma la Kale. Yaweza kusemwa tena kwamba haina mtungaji. Lakini hii ndiyo ila ya daftari lenyewe, kwani likipangwa kwa majina ya wasanifu litaacha nje kila kilichotungwa na wengi. Litaacha pia nyumba za matofali ya kuchoma zilizojengwa kwa fedha za kahawa, zao lililouzwa kwa ushirika wa Wangoni na Wamatengo tangu miaka ya 1930. Na litaacha mitumbwi ya Liuli na Mbamba Bay, kwenye mwambao uliokuwa sehemu ya Mbinga mpaka Wilaya ya Nyasa ilipoundwa mwaka 2012.

Haitakuwa haki kukilaumu Kituo cha Dar es Salaam kwa hayo. Kimejipa jina la mji mmoja, na mji huo kimeutumikia. Lawama ni ya wasomi wanaolichukua daftari la mji kuwa ramani ya nchi, na ya lugha inayowaruhusu kufanya hivyo kwa kulifunga neno usanifu ndani ya kuta.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Jengo huhifadhiwa kwa kuachwa lisibomolewe. Ngoro huhifadhiwa kwa kubomolewa na kuchimbwa upya. Ikizungushiwa ua na kuwekwa ubao wa maelezo, itakuwa imekufa baada ya misimu michache. Kinachoweza kutunzwa ni maarifa, na maarifa hukaa katika maneno: jina la ngoro, jina la ntambo, yaani mgongo wa mlima kati ya vijito viwili ambao ukoo huuhesabu kuwa milki yake, na majina ya kila hatua ya kazi. Maneno hayo ni ya Kimatengo, ambacho Guthrie alikipa alama ya N13, na ambacho Nobuko Yoneda ameukusanya msamiati wake. Hapa mlinzi wa usanifu na mwanakamusi wana kazi moja. Mwanakamusi akiandika ngoro kuwa ni shimo la kupandia tu, amebomoa kitu ambacho hakuna fundi atakayeweza kukijenga tena.

Kwa hiyo yafaa maana ya usanifu itanuliwe katika kamusi na katika vyama vilevile: utungaji wa umbo kwa ajili ya kujibu haja, uwe wa zege, wa matofali au wa udongo na nyasi. Maana hiyo haikipunguzii Kituo heshima yake. Ndiyo hoja yake yenyewe, iliyotoka mjini ikapanda mlima.