Charizard Akwama Mkononi

Karata za Pokémon zilipoingia sokoni Marekani mwaka 1999, watoto walimtaka Charizard: pointi 120 za uhai, pigo la 100, na picha yenye kumetameta. Wachezaji wa mashindano walimkimbilia Hitmonchan, bondia wa pointi 70 ambaye ngumi yake ya kwanza inaumiza 20 tu. Mtindo wao wa kupanga karata uliitwa Haymaker, na ukitaka kujua ulishindaje, chukua kalamu upige hesabu.

Kila mchezaji huja na karata 60. Jina moja halizidi nakala 4, isipokuwa karata za nishati ya kawaida. Mchezo huanza na karata 7 mkononi. Basi hata ukiwaweka Charmander wote 4, uwezekano wa kumpata angalau mmoja katika zile 7 ni kama asilimia 40. Naye ni ngazi ya kwanza tu: juu yake akae Charmeleon, ndipo Charizard, kisha zitafutwe nishati 4, moja kwa kila zamu. Kuwashika wote watatu katika mkono wa kwanza, hata kwa nakala 4 za kila mmoja, hakufiki mara 5 kati ya 100. Kweli, hawahitajiki kwa mpigo, maana kugeuka huchukua zamu. Lakini mkono wenye Charizard wawili wasio na pa kukaa, huku mpinzani ameshaanza kugonga, ni jambo la kila siku.

Tena mkono usio na Pokémon wa msingi, yaani wa ngazi ya kwanza kama Charmander, haukubaliki. Unauonyesha, unachanga upya, na mpinzani anaruhusiwa kuongeza karata. Ukiwa na wa msingi 4 pekee, aibu hiyo inakupata mara 6 kati ya 10. Wakiwa 12, inashuka hadi mara 19 kati ya 100.

Hapo ndipo Haymaker ilipoanzia. Hitmonchan, Electabuzz, na baadaye Scyther wa toleo la Jungle, wote ni wa msingi. Hakuna anayemsubiri mwenzake. Atokee yeyote, kazi inaanza, na Hitmonchan anadai nishati 1 tu ili arushe ngumi. Mjenzi wa rundo hakuongeza nakala za shujaa mmoja, kwa kuwa sheria inamzuia. Aliongeza mashujaa wanaoweza kushika nafasi ileile.

Karata zilizookolewa kwenye ngazi za kugeuka zilikwenda kwa wasaidizi. Bill anakuokotesha karata 2 bila gharama. Computer Search inakutaka utupe 2, kisha uchague yoyote uitakayo kutoka kwenye rundo. Professor Oak ndiye mkali wao: tupa mkono wako wote, okota 7. Ukiokota ya zamu kisha ukamcheza Oak, umeshaziona karata 15, na ile asilimia 40 ya jina lenye nakala 4 inapanda hadi karibu asilimia 70.

Kutupa mkono wote kunawatisha wageni, na wana sababu. Tuseme umeshika Scyther, nishati ya ngumi, Bill, msaidizi mwingine aitwaye PlusPower, na Oak, huku Hitmonchan yuko mbele. Mwenye pupa anamtanguliza Oak, na vyote vinaishia jalalani. Mzoefu anamweka Scyther kwenye benchi, anamvisha Hitmonchan nishati, anacheza Bill na kuitumia karata yoyote inayotumika, anaongeza PlusPower, halafu Oak. Kufikia hapo mkono u karibu mtupu. Anapata 7 mpya na hajatupa cha maana.

Si kwamba mtindo huu hauna madhara. Anayeokota kwa fujo hulimaliza rundo lake, na rundo likiisha wakati wa kuokota, ameshindwa. Kuna pia karata 6 za zawadi zinazolazwa kifudifudi mwanzoni: jina uliloliweka nakala 1 tu lina nafasi 1 kati ya 10 ya kujificha humo, kwa hiyo tegemeo la mchezo haliwekwi peke yake.

Enzi zile hakukuwa na kikomo cha kucheza wasaidizi katika zamu moja. Mwaka 2002 toleo la Kiingereza la Expedition lilileta kundi jipya la wasaidizi wanaochezwa mmoja tu kwa zamu. Mwaka 2020, toleo la Sword & Shield likaja na Professor's Research: tupa mkono wako, okota 7, ila sasa imo ndani ya kundi hilo. Hata hivyo, wajenzi wengi waliendelea kuweka nakala zote 4.